Barua ya wazi: Mnatuambia tuwe makini na michango. Tukague nini?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii na makundi maalum,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali,
Watendaji wakuu wa kampuni za simu zinazotoa huduma za fedha.

YAH: MICHANGO YA HIARI INAYOTOLEWA NA WANANCHI NA MAHALI INAKOISHIA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wafanyabiashara wa soko, hapa Mwanza. Tunauza dagaa, nyanya, vitenge na mkaa. Pamoja na hisa na mikopo tuna mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama anauchangia kila tunapokutana. Mfuko huo unazika, unauguza, na kinachobaki tunawasaidia watu wa nje ya kikundi. Nawaandikia kwa sababu ya hicho kinachobaki.

Shirika moja lilikuja sokoni kuomba msaada wa upasuaji wa mtoto mwenye tatizo la moyo. Wachangishaji walikuwa na vitambulisho shingoni, bango lenye picha ya mtoto, nakala ya cheti cha usajili iliyotiwa plastiki, na barua yenye muhuri. Kikao kikapitisha shilingi laki nne. Tulipoomba risiti tukaletewa cheti cha shukrani, kizuri kweli, kina mapambo ya dhahabu pembeni. Sasa kanuni zetu zinasema fedha ikitoka bila risiti, mweka hazina anailipa mwenyewe, na cheti cha dhahabu hakiingii kwenye daftari. Nikafuatilia. Namba iliyopokea fedha ilikuwa ya mtu binafsi. Nilipouliza mtoto katibiwa hospitali gani, nikajibiwa kwamba anaendelea vizuri kwa neema za Mungu. Baadaye mwenzetu aliyekwenda Kahama kufuata mzigo aliikuta picha ya mtoto yule yule kwenye sanduku la mchango, ina jina lingine na ugonjwa mwingine.

Malalamiko tuliyapeleka kwa shirika lenyewe, tukaambiwa tumwachie Mungu. Tukaenda ofisi moja ya umma, ikatuelekeza kwa nyingine, na hiyo ya pili ikasema jambo letu linafanyiwa kazi. Mpaka leo linafanyiwa kazi. Sitaji jina la shirika wala la ofisi hata moja, maana hata afisa wa ofisi hiyo angetujibu siku ile ile, bado asingekuwa na karatasi ya kutuonyesha fedha iliingia kiasi gani na ikaenda wapi. Karatasi hiyo kutokuwepo ndiyo sababu ya barua hii.

Kila yanapotokea mambo ya namna hii tunasikia redioni kauli moja: wananchi wawe makini, wajiridhishe kabla ya kutoa. Sina ugomvi na ushauri huo. Nauliza tu, kwa heshima zote, tujiridhishe kwa kukagua kitu gani?

Hoja zetu ni hizi.

1. Cheti cha usajili kimegeuzwa ushahidi wa uaminifu.

Kinachothibitishwa na cheti ni kwamba shirika limeandikishwa, basi. Hakisemi shirika lilipokea nini mwaka jana na lilifanyia nini. Wachangishaji wanalijua hilo, ndiyo maana cheti ndicho cha kwanza kutolewa kwenye begi. Tena milango ya usajili ni mingi. Asasi zinasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002. Jumuiya na taasisi za dini ziko Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini ziko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Muuza dagaa anayesimamishwa saa nne asubuhi na mtu mwenye bango hawezi kujua aupige hodi mlango upi. Na mwenye bango, akiulizwa mlango huu, anaweza kusema yeye kasajiliwa ule.

2. Sheria inaiona fedha kubwa, ya kwetu haionekani.

Sheria ya 2002 inayataka mashirika yatoe taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na inataka taarifa hizo ziwe wazi kwa umma. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba shirika lililopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze mapato na matumizi yake. Kwa fedha ya mfadhili wa nje inayoingia benki kwa mkataba, utaratibu huo unafanya kazi. Lakini elfu tano tano za sokoni, stendi na misikitini zinaingia kwenye simu ya mtu. Nani atajua kama zimefika milioni 20 au hazijafika? Mpokeaji ndiye anayehesabu, yeye ndiye anayetakiwa kujiripoti, na ndiye mwenye sababu ya kunyamaza.

3. Namba binafsi zinapokea fedha za umma mbele ya macho yenu.

Sisi tulisimama foleni za kusajili laini kwa alama za vidole. Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hivyo hakuna namba inayopokea michango ambayo mwenyewe hajulikani. Muuza chipsi wa pale stendi ana lipa namba yenye jina la biashara yake, na nikilipa naliona jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri. Shirika linalotangaza kwamba linaokoa maisha ya watoto nalitumia fedha, linatokea jina la mtu nisiyemfahamu. Fedha ya mgonjwa, ya vocha na ya kodi ya nyumba yake zote zinakaa mfuko mmoja, na hata mwenyewe akiwa mwaminifu hawezi kuzitenganisha mwisho wa mwezi. Tulipopeleka malalamiko kampuni moja ya simu tuliambiwa tulituma kwa hiari yetu, kwa hiyo hakuna kosa. Ukikosea tarakimu moja wanaweza kukusaidia kuizuia hela. Ukidanganywa na picha ya mtoto, hiyo ni hiari yako.

4. Hatuambiwi mchangishaji anakula kiasi gani.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wema wanapofumbwa macho. Kijana mmoja wa sanduku, nilipomkaribisha chai na kumuuliza taratibu, aliniambia bila kificho kwamba yeye halijui shirika vizuri. Asubuhi anachukua sanduku, jioni anarudisha, na anapewa asilimia ya kilichomo. Siku asipopata kitu analala na njaa. Yeye simlaumu, anatafuta riziki kama sisi. Waliomvalisha fulana iliyoandikwa "mtu wa kujitolea" ndio wanaopaswa kueleza.

Wala sisemi kila shilingi imfikie mgonjwa. Kuna nauli, kuna pango la ofisi, kuna muuguzi anayetakiwa kulipwa, na shirika linalodai halina gharama hata moja linanitia wasiwasi kuliko linalozitaja. Lakini mtu anayetoa elfu tano ana haki ya kujua kabla hajatoa kama elfu nne itafika au elfu moja. Hili haliwahusu matapeli peke yao. Linahusu pia mashirika halali, yenye magari yenye nembo na watoto wa kweli, ambayo yamezoea kuonyesha picha badala ya hesabu.

5. Michango ya maafa haiturudishii maelezo, hata mpokeaji anapokuwa Serikali.

Waheshimiwa, hoja hii ni nzito na naileta kwa adabu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki na nyumba maelfu zikaharibika. Sisi wa kanda ya ziwa tulichanga, na wenzetu wa mikoa mingine wakachanga. Mwezi haujaisha, Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba imefunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Tuhuma si hukumu, na sina nia ya kumhukumu mtu hapa. Ninachouliza ni hiki: mwananchi aliyesimama mbele ya dirisha la benki siku zile angeitofautishaje akaunti moja na nyingine? Majina yanafanana, wenye ofisi ni wale wale. Umakini wake ungemsaidia nini?

Januari 2017 Rais aliwaeleza wana-Kagera kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba michango inaelekezwa kwenye miundombinu ya umma, zikiwemo shule. Shule zilihitaji kujengwa, hilo silipingi. Ila wengi waliotoa walitoa wakiwa wamemwona bibi kwenye taarifa ya habari, amekaa nje ya nyumba iliyoanguka. Walidhani wanamjengea bibi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafariki. Hapa Mwanza hakuna aliyekuwa mbali na msiba ule. Sokoni kwetu kulikuwa na meza zisizo na mtu. Tukatoa rambirambi. Wafiwa walipewa sehemu, na fedha nyingine ikaelekezwa kujenga wodi katika kituo cha afya cha Bwisya. Wodi ni jambo jema, na watu wa Ukara waliihitaji tangu zamani. Lakini rambirambi katika mila zetu ni ya mfiwa. Kamati ya msiba ikitaka kuitumia kwa jambo lingine inamuuliza mfiwa, na daftari linasomwa hadharani siku ya kuanua tanga: fulani katoa kiasi gani, sanda bei gani, mchele kilo ngapi, kimebaki kiasi gani. Hilo tunalifanya kwenye uwanja wa mwenye msiba, kwa daftari la shule na kalamu ya kuazima. Iweje lisiwezekane kwa taifa?

Najua majibu mtakayopewa na wasaidizi wenu, kwa sababu mengi tumeshajibiwa sisi.

Mtaambiwa sadaka haiulizwi. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Maneno hayo yanamkataza mtoaji kujionyesha. Hayampi mpokeaji ruhusa ya kuficha. Qurani katika Surat At-Tawba, aya ya 60, inataja makundi manane yanayostahili zaka, na wanaoikusanya ni kundi mojawapo. Fungu la mkusanyaji limetajwa peupe, halikuachwa alichukue gizani. Na Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 8, alipokuwa akisimamia mchango wa makanisa alihakikisha unasafiri na watu wengine walioaminiwa, ili mtu yeyote asije akawalaumu kuhusu fedha ile. Kama Paulo aliona haja ya mashahidi, mratibu wa shirika la mtaani naye ataiona.

Mtaambiwa mashirika madogo hayawezi gharama za mkaguzi wa hesabu. Hilo ni kweli, na sitaki kinamama wanaolea yatima wanne nyumbani wafungiwe kwa kukosa fomu. Majirani zetu Kenya walipoletewa muswada wa michango ya umma mwaka 2024, wengi walilalamika kwamba harambee zitahitaji vibali, na malalamiko yao nayaelewa. Kuchangishana kwenye msiba, harusi au ugonjwa wa jirani kuacheni kama kulivyo, huko tunajuana. Ninayoyasema yanamhusu anayemwendea mtu asiyemjua na kumwomba fedha kwa niaba ya mtu wa tatu. Huyo atuandikie ukurasa mmoja tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kikundi chetu kina wanachama ambao hawakumaliza darasa la saba, na ukurasa huo tunao kila wiki.

Mtaambiwa hakuna uwezo wa kufuatilia miamala midogo midogo. Waheshimiwa, hapo naomba mniwie radhi. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, mfumo ulijua papo hapo nani katuma, kiasi gani, na akatwe shilingi ngapi. Hakuna mwenzetu aliyesahauliwa. Leo nikilipa ushuru wa meza yangu napewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya Serikali, na fedha inaonekana imeingia wapi kabla sijatoka dirishani. Uwezo mnao.

Na kuna watakaosema ukali utawakatisha watu tamaa ya kutoa. Waje sokoni waone kilichowakatisha watu tamaa. Mwanachama wetu mmoja, mama ambaye hakuwahi kukosa kutoa, alisimama kikaoni akasema bora akalishe paka wa sokoni, angalau atawaona wakila. Watu walicheka. Lakini kwenye hoja iliyofuata, ya kuchangia kituo cha watoto ambacho kwa kweli kinastahili, mikono haikuinuka.

Simdanganyi mtu kwamba hesabu zikiwa wazi wezi watakwisha. Marekani, ambako mashirika ya hisani yanajaza hesabu zinazosomwa na yeyote, mwaka 2015 Serikali Kuu na majimbo yote 50 yaliyashtaki mashirika manne yaliyodai kusaidia wagonjwa wa saratani, yaliyokuwa yamekusanya zaidi ya dola milioni 187 na kuzielekeza kwa sehemu kubwa kwa wenyewe na kwa wachangishaji wao. Wizi ulikuwepo hata huko. Ila hesabu zilikuwepo pia, za kuwabana nazo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa maendeleo ya jamii na Msajili: hesabu ambazo mashirika tayari yanaziwasilisha kwenu kila mwaka ziwekwe mahali ambapo mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuzipata kwa kuandika jina la shirika, kwa Kiswahili. Uingereza rejista ya mashirika ya hisani inaonyesha mapato na matumizi bure, na hakuna shirika zuri lililokufa kwa sababu hiyo. Kaeni pia na wenzenu wa Mambo ya Ndani, RITA na Ustawi wa Jamii mtupe mlango mmoja wa kuulizia. Nyuma ya mlango huo kazi mgawane wenyewe.

Kwa kampuni za simu na Mheshimiwa Waziri wa mawasiliano: mchango unaotangazwa kwa umma upokelewe kwa namba yenye jina la shirika au la mgonjwa, wala isiwe laini ya mratibu. Namba hiyo ionyeshe jumla iliyokusanywa mpaka siku hiyo kwa yeyote anayetaka kutuma. Malalamiko ya mchango wa ulaghai yapokelewe kama ya utapeli mwingine wowote, fedha izuiwe wakati yanachunguzwa, na mlalamikaji apewe namba ya shauri lake. Neno "hiari" liondoke kwenye majibu ya wahudumu wenu.

Kwa michango ya wagonjwa, kila bango litaje hospitali na namba ya malipo ya hospitali hiyo. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji agizo tu, na wenyeviti wa mitaa na viongozi wa masoko tutalisimamia bila posho.

Na kwa maafa, ambayo hatuombei yaje lakini yatakuja: iwe kontroo namba moja, itangazwe na ofisi moja, siku ile ile. Lengo la fedha litajwe kabla ya mtu kutoa, na kama litabadilika, tuambiwe limebadilishwa na nani na kwa sababu gani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeshaweka mfuko. Tunaomba daftari la mfuko huo lisomwe hadharani, wilaya kwa wilaya, na waliofikwa na maafa wawe wamekaa mbele.

Kikundi chetu hakijaacha kutoa. Kuanzia sasa mfuko wa jamii utalipa hospitalini au dukani moja kwa moja, na anayekuja na sanduku tutamwomba ukurasa wake mmoja kwanza. Tunavunja mzunguko Desemba, yaani tunafunga hesabu na kugawana akiba zetu. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya siku hiyo, niyasome kwenye kikao pamoja na hesabu za mwaka. Zile laki nne bado ziko wazi kwenye daftari langu, safu ya risiti haina kitu, na wanachama watauliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mweka Hazina,
kwa niaba ya wanachama wa kikundi,
Mwanza.